Kaseti ya Monsieur Duncan

Siku hiyo naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na mpaka leo sijui niiweke upande wa furaha au upande wa aibu. Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwa rafiki yangu Ramazani, hapa mtaani Kabondo. Tulikuwa vijana, kila mmoja ameoa juzijuzi, nasi tumekaa mbele ya televisheni tukiangalia raga ya Waskoti kwa mara ya hamsini, au labda ya mia. Sina hakika.

Najua utaniuliza: mtu wa Kisangani na raga ya Waskoti, wapi na wapi? Swali zuri, nami jibu lililonyooka sina. Mimi na Ramazani tulifanya kazi bandarini na fundi mmoja Mskoti, Monsieur Duncan, aliyekuwa akitengeneza injini za boti. Siku alipofunga virago kurudi kwao alituachia spana zake na kaseti moja ya video. Ndani yake mlikuwa na mechi moja tu, Waskoti na Waingereza, uwanja wa Waskoti, mvua inanyesha.

Mtangazaji alizungumza Kiingereza, nasi hatukujua hata neno. Kwa hiyo sheria za mchezo tulijitungia. Bado sielewi kwa nini wanaume wanane wanainama, wanashikana mabega, wanasukumana na wanane wengine, halafu refa anapuliza filimbi na wote wanaonekana wameridhika. Mpira wenyewe una umbo la yai, ukidunda hujui utaelekea wapi. Na wanapasiana kwa nyuma ili waende mbele! Hapo akili yangu iligota, nikawa naangalia tu.

Lakini tuliwapenda, wallahi. Kwa kuwa hatukujua majina yao, tuliwapa ya kwetu. Kulikuwa na Kichwa Kigumu, kulikuwa na Bwana Harusi ambaye nywele zake hazikuvurugika hata kwenye matope, na yule mwembamba mwenye mbio tulimwita Toleka, jina la baiskeli zetu za kubebea abiria. Tuliwaambia watu wote mtaani kwamba timu kama ile haitatokea tena duniani. Timu nyingine za raga hatukuwahi kuziona, ila hilo halikutuzuia kusema.

Na kila mara mechi iliisha vilevile. Waskoti wanaongoza kwa pointi mbili, mvua inazidi, halafu picha inakatika ghafla na anatokea mama mmoja wa kizungu anapika keki. Mke wa Monsieur Duncan alikuwa amerekodi kipindi cha mapishi juu ya mechi. Sisi tukiiona keki tulirukaruka na kukumbatiana, maana kwetu keki ndiyo ilikuwa filimbi ya mwisho.

Jumapili hiyo Mama Zaina, mama mzazi wa Ramazani, alikuwa ameketi nyuma yetu akimenya ndizi za kupika lituma, zile ndizi zetu za kuponda. Mama huyo alinilisha tangu nilipofiwa na mama yangu, na hakuwahi kunitofautisha na mwanawe. Keki ilipotokea tukaruka kama kawaida. Yeye akauliza polepole:

"Assani, mutoto yangu, munafurahia nini?"

"Waskoti wameshinda, mama!"

"Mwisho iko wapi? Mutu mwenye kushinda anakumbatia mwenzake. Bale batu bote bangali banakimbia. Ile mechi haiyaisha."

Majirani wawili waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Niliona haya, na haya ikageuka hasira kabla sijaijua. Nikamwambia mama yule, mbele ya watu, "Wewe ni wa jikoni. Baki na ndizi zako."

Aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akatoka kwenda nyuma ya nyumba. Ramazani akainuka, akaitoa kaseti kwenye mashine na kunikabidhi.

"Kamata mechi yako, Assani," akasema. "Miye nabakia na mama yangu."

Nami, mwanangu, niliikamata. Ningeweza kuzunguka nyuma ya nyumba nikapiga magoti, ni hatua kumi tu. Badala yake nilikwenda kwangu, kaseti kwapani, nikiamini kwamba Ramazani atanifuata. Hakunifuata. Baadaye alihamia Lubunga, ng'ambo ya mto. Mama Zaina alipofariki nilikwenda kwenye matanga, nikasimama mbali, nikaomba dua na kuondoka bila kumpa rafiki yangu mkono. Kaseti nayo ikaota ukungu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikisema, "Ah, Waskoti wa wakati ule!" na roho inaniuma, nikidhani ni timu ninayoikumbuka.

Mwaka huu mjukuu wangu Salama, anayesoma chuoni, alisikia kisa hiki akaingia kwenye simu yake kutafuta.

"Koko, nimeipata ile mechi, yote muzima," akaniambia. "Mwisho iko. Tuangalie?"

Moyo ulinilipuka, kisha nikaogopa. Nilitaka kuona na sikutaka kuona. Nilikaa siku mbili namzungusha mtoto wa watu, leo macho yanauma, kesho simu ni ndogo. Siku ya tatu nikamwambia, haya, lakini si hapa. Tukapanda toleka mpaka ukingoni, tukavuka kwa mtumbwi hadi Lubunga.

Ramazani amezeeka, mwanangu, jicho moja limeingia ukungu. Alitutazama akiwa mlangoni. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea.

"Ramazani," nikasema, "nimekuja kuangalia mwisho."

Akatutandikia mkeka.

Tuliangalia vichwa vikigusana, maana simu ni ndogo kweli. Tulipofika pale pa keki, keki haikuja. Mvua iliendelea, na wale watu wetu waliendelea kukimbia, Bwana Harusi, Kichwa Kigumu, wote. Halafu Mwingereza mmoja akaupiga mpira ukapita katikati ya nguzo, na refa akapuliza filimbi. Waliokumbatiana walikuwa wale Waingereza wenye jezi nyeupe. Toleka wetu alikaa chini kwenye matope, ameshika kichwa.

Machozi yalinitoka na sikujua ni ya nini. Mechi? Mama? Zile Jumapili tulizoruka bure, au hazikuwa bure? Salama alinishika bega. Hapo nikamwomba Ramazani msamaha.

Akasema: "Mama alikusamehe siku ile ile. Alikuwekea lituma yako, akaifunika na sahani. Haukukuja."

Mwanangu, nakuona na wenzako mnavyogombana juu ya timu zenu za Ulaya, na juu ya nani alikuwa bora zamani. Sikuambii uache. Mimi Waskoti wale nimewaona wakishindwa na bado nawapenda, na hilo nalo linanichanganya. Ninalokuomba ni hili. Mtu akikuambia hadithi yako haijaisha, usimtukane, muulize ameona nini. Na kumbukumbu yako, hata iwe tamu vipi, ikikugombanisha na mtu anayekupenda, iweke chini umshike mtu. Ukikosa, rudi siku hiyo hiyo. Usingoje akufuate, kwa sababu huenda yeye amekwisha kukuwekea chakula, na anayechelewa ni wewe.

Mungu akujalie kuuona mwisho wa mambo yako ukiwa na mwenzako kwenye mkeka mmoja. Na sahani uliyofunikiwa, akupe miguu ya kuifikia ingali na moto. Amina.