Sini Kinyume na Akina Mama Brian wa Korti Yetu

Jioni katika korti yetu ya mtaa wa Buruburu, Nairobi, ilinukia vitunguu vya kukaangwa na sabuni ya kufulia, na hapakukosa mtu wa kusimama langoni na kupaza sauti, "Mama Brian!" Nyumba zetu zilizunguka uwanja mmoja mdogo, na miaka ile karibu kila mama mle ndani alikuwa amezaa Brian. Vichwa vilichungulia madirishani kwa pamoja, kila kimoja kikiuliza, "Nani ananiita?" Mimi niliyatazama hayo nikiwa kwenye kochi, kwa kuwa kazi yangu kuu utotoni ilikuwa kukaa nyumbani. Wenzangu walitembea hadi mtaa wa Komarock kutafuta marafiki. Mimi nilitembea hadi jikoni na kurudi.

Ndiyo maana maneno ya baba, nilipokuwa kidato cha tatu, yalinimwagikia kama maji baridi. Alikuwa ameshika ripoti yangu ya shule. "Nekesa, usipopata nusu ya alama za hisabati muhula huu, unaenda shule ya bweni Bungoma, karibu na nyanya yako. Hili kochi linakuharibu." Nililia hadi nikaona aibu mbele ya kochi lenyewe.

Kaka yangu Wafula, aliyekuwa amemaliza shule akingoja kwenda chuo, akajitolea kuniokoa. Mwalimu wetu, mpenda kuruka mipaka ya silabasi, alikuwa amefika kwenye sini kinyume, na mimi niliamini kwamba ile hasi moja ndogo iliyokaa begani mwa sini ilitaka nigawe moja kwa sini.

"Wacha we!" Wafula akacheka. "Hiyo haigawi kitu. Inauliza tu: ni pembe gani yenye sini hii?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa, unataka tu chai."

Akachukua nailoni ya kufunikia madaftari, ile inayoonyesha hadi upande wa pili, akakata mraba. Akachora mihimili miwili katikati, kisha wimbi la sini likipanda na kushuka kutoka kushoto hadi kulia. Akashika kona mbili, ya chini kushoto na ya juu kulia, akaipindua nailoni nyuma mbele. Wimbi likasimama wima, likijipinda kuelekea juu kama nyoka anayepanda nguzo.

"Sasa ita nusu," akasema, akisimamisha rula juu ya nusu. Rula ikakutana na wimbi kwenye digrii thelathini, tena mia moja hamsini, tena juu zaidi, tena huko chini.

"Wanaitikia wote!" nikasema.

"Si ndio. Kama akina Mama Brian. Sasa kalkuleta imjibu nani? Lazima tukubaliane kwamba ukiita, ni yule wa nyumba ya kona peke yake." Akalowesha kidole kwa mate, akafuta wimbi lote, akabakisha kipande kimoja tu, kutoka hasi tisini hadi tisini. Rula ikipita popote juu yake, inakigusa mara moja tu.

Mtihani ulipofika, wakaniuliza kosini kinyume. Nikachora wimbi lake likiwa wima, kisha kwa raha zangu nikakata palepale alipokata Wafula. Nikaita nusu, sitini akaitikia, na hasi sitini naye akaitikia. Nikaanza kuiona Bungoma, kengele ya alfajiri, uji wa foleni. Kisha nikakisogeza kipande changu juu, sifuri hadi mia moja themanini. Nikaita tena. Akaitika mmoja. Nilicheka kwa sauti, msimamizi akanikodolea macho.

"Nusu na kidogo," baba alisema alipoisoma ripoti, kwa uso wa mtu aliyeshindwa mchezo. "Haya, kaa."

Nikakaa, mpaka leo. Aliyeondoka ni Wafula: chuo kilimpeleka Mombasa, kazi ikamweka huko. Siku hizi binti yake, anayeishi nami hapa, akitaka grafu kama zile, simu humchorea nzuri kuliko zetu kabla sijapata miwani yangu, na hakuna anayelowesha kidole. Wala silalamiki, ni mimi ninayeilipia intaneti. Wafula huja Desemba. Mara ya mwisho aliingia jikoni, akasimama katikati, akafungua kabati moja na kulifunga taratibu.

"Nekesa," akaniuliza kwa adabu ya mgeni, "vikombe mnaweka wapi siku hizi?"

Nikamwonyesha, nikajifanya natafuta sukari asiuone uso wangu.