Mlango wa Jiko la Mwalimu Oboth

Ukitaka kufundishwa kemia kwa nguvu, hamia jirani na Mwalimu Oboth. Mzee huyu, mzaliwa wa Kirewa, alifundisha Tororo miaka thelathini, akastaafu, akajenga hapa Busia karibu na machimbo yetu ya dhahabu. Akaja na jedwali lake la elementi, kitambaa kikubwa kuliko shuka langu. Kila Jumamosi analitundika kwenye kamba yangu ya nguo. Hajawahi kuniomba ruhusa. Wasomi hawana muda huo.

"Norah, tazama," ananiambia, nami nina matope hadi magotini. "Shaba, fedha, dhahabu. Safu moja, ukoo mmoja. Ukishuka, uvivu unazidi. Shaba inaota kutu ya kijani, fedha inafifia tu, dhahabu haishughuliki na hewa wala maji."

"Kama mume wangu Mangeni," namjibu.

Hacheki. Kidole chake, kinachotetemeka siku hizi, kinasogea chumba kimoja kulia. "Na jirani yake, zebaki. Safu yake ni zinki, kadimi, zebaki. Zinki ndiyo iliyopakwa kwenye mabati yako. Ukishuka, kila mmoja anayeyuka upesi kuliko wa juu yake, na huyu wa mwisho ameshayeyuka, hangoji moto. Ukimpa moto anakuwa mvuke, anaingia kifuani, kichwani, tumboni kwa mwenye mimba. Msichomee ndani!"

"Ndiyo, Mwalimu!" tunaitikia wanawake wote wa machimboni, watiifu kweli kweli.

Tumbo alilokuwa akiliwaza ni la binti yake, Sandra. Mimba mbili zilishaharibika. Hii ya tatu, ya miezi sita, alikuja kuilea kwa wazazi. Mwalimu alimkataza hata kupita karibu na machimbo. Akamwambia akae jikoni kwa mama yake, Elinah, mahali salama, penye joto.

Sasa sikia kazi yetu. Zebaki inashika dhahabu kwenye mchanga, unapata kidonge, unakichoma, zebaki inaruka, dhahabu inabaki. Lakini nani achome nje, watu wanamkodolea macho? Dhahabu ikionwa na mwenye kijicho, kesho shimo linakupa mawe matupu. Ndivyo tunavyoamini, kwa hiyo tunafunga mlango. Na mlango mzuri kuliko yote mtaani, wa mbao ngumu, una komeo, ni wa jiko la Mwalimu Oboth. Elinah hana roho ya kunyima. Tunachoma, Sandra yuko kwenye kiti chake, tunapiga naye soga. Mwalimu angejuaje? Yeye ni mwanamume wa heshima, na mwanamume wa heshima haingii jikoni. Yaliyomo ndani ya atomi anayajua yote.

Jumapili iliyopita Elinah alikuwa kanisani, Sandra amelala, na Mwalimu akashikwa na hamu ya chai. Akavunja mwiko wa maisha yake yote, akaingia. Nilimwona akitoka na kifuniko cha sufuria, amekigeuzia jua. Vitone vya rangi ya fedha vilikuwa vinakimbizana humo.

Nikajiandaa kwa somo. Halikuja.

"Tangu lini, Norah?"

"Tangu Januari, Mwalimu."

"Nani?"

"Tuko wengi. Lakini mimi zaidi."

Akaenda kuleta nyundo, akaanza kung'oa mlango. Mikono ilimtetemeka hata nyundo ikawa inapiga ukuta. Miezi yote hiyo tulikuwa tunaicheka mitetemo hiyo, tunasema ni uzee, kumbe huenda ni zebaki yetu. Alikuwa analia, mzee mzima, wala hajifichi. Nikaona haya, jamani, haya ya kutaka ardhi inimeze. Nikampokonya nyundo, nikazing'oa bawaba mwenyewe.

Kelele zikamwamsha Sandra. "Baba, mbona mnabomoa? Mama atapikia wapi?"

Nikauliza mimi. "Sandra mwanangu, leo mtoto amecheza?"

"Tangu jana asubuhi ametulia tu," akasema, akijipapasa tumbo. "Si ni kawaida?"

Mwalimu Oboth, mwenye jibu la kila swali, akanitazama mimi.