Mbegu Zilizoozea Bulyaga

Asubuhi ile niliondoka Bulyaga, mjini Tukuyu, kwa hasira, bila kujua ninakokwenda. Nyuma ya chumba nilichopanga nilikuwa nimepanda bamia, nikazifunika kwa majani makavu ya migomba, kama watu wa Tukuyu wanavyofunika kila wanachopanda. Mvua haikukatika. Nilipofukua, mbegu zote zilikuwa zimeoza.

Nilipitia kwanza dukani kwa aliyeniuzia mbegu, nikamweleza yote.

“Bamia inataka joto, kaka,” alisema akicheka. “Huku baridi, nawe ukaifunika kwa majani yaliyoloa mvua!”

“Sasa mbona uliniuzia?”

“Siku hizi kuuza chochote ni ruksa. Wewe ulitaka, mimi ninazo.”

Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nikadandia lori la kwanza lililokuwa linateremka, nikashuka Kyela, bondeni kwenye joto, shati limeloa jasho. Nikauliza chumba kwa mama mmoja.

“Kipo, baba. Ila uani usikanyage bamia zangu.”

Zilikuwa zimenipita kimo.

“Mama, ulizifunika kwa majani?”

“Nizifunike za nini? Zinaumwa?”

Nilichukua chumba, hasira bado ninayo, nikatoka uani kuzitazama vizuri.