Baridi ya Riyadh Haifiki Jeddah

Jackton ni mtu wa kuzima vitu. Akitoka chumbani anazima taa, akitoka bafuni anazima mtambo wa maji moto, na akipita mlangoni kwako anachungulia kama umeacha feni ikizunguka bure. Sisi wanne tuliokaa naye pale Shumaisi, Riyadh, tulimwita kiranja. Hakukasirika, maana shuleni kwao Nyakach aliwahi kuwa kiranja kweli. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani bili ya stima nitakayoisimulia ilikuwa ya kwake.

Anaendesha forklift katika bohari moja kule Sulay, huu mwaka wa tisa. Mimi naitwa Reuben, ni dereva wa lori wa kampuni hiyo hiyo. Jackton ni mrefu, mpole hadi anaudhi, na hajui kumkatiza mtu mzima maneno. Mkewe Beldina na watoto wao wawili wanaishi katika nyumba ndogo ya ujana wake, ndani ya boma la mama yake. Kwa Wajaluo, mwana wa kwanza ndiye hutoka kwanza akaanzishe boma lake. Mdogo hawezi kumtangulia, hata awe na pesa za kujenga ghorofa. Mdogo wake, Hezekiah, ana mke na watoto, na ana matofali aliyoyachoma kwa mikono yake, yamepangwa kando ya ua yakifunikwa nailoni, na nailoni imeshachanika. Anamngoja kaka yake. Wala si jambo la kutuma pesa watu wakujengee, kwa sababu mwenye boma ni lazima awepo yeye mwenyewe, na jogoo wake na shoka lake, alale pale. Jackton alikuwa amepanga kurudi kabisa mwezi wa tatu, kabla ya masika. Mbao na mabati alishatuma pesa zikanunuliwa. Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe, mengine yote ni stima.

Sasa nyumba. Ukiwa mwanamume usiye na familia hapa Riyadh, wenye nyumba hukwambia mafi, yaani hakuna, kabla hujamaliza salamu. Tulikuwa tumeambiwa mafi mara saba tulipopewa namba ya Mzee Haroub wa Jeddah. Ni Mzanzibari, aliletwa Saudia mgongoni mwa mama yake mwaka wa sitini na nne. Ana duka la udi kule Balad, na hii nyumba ya Shumaisi aliirithi kwa kaka yake. Alipopokea simu akasema, "Naam, mwanangu, nakusikia," sote watano tulilegea kama mandazi kwenye chai. Mtu wa lugha yako hawezi kukuumiza. Hivyo ndivyo tulivyodhani, na kwa kweli hakutuumiza yeye.

Alikuja mara moja tu, mwezi wa tano, joto likiwa limepanda hata kuta zinaunguza. Akakaa kwenye zulia, akajifuta jasho, akasema, "Mie sitaki maneno mengi. Sefu, joto kama hili, umeme juu yenu. Shita, miezi ya baridi, umeme juu yangu. Tusioneane."

Kwake yeye hapo alikuwa anatupa kijisadaka. Jeddah haina baridi. Miezi ya shita watu wa kule wanapunguza kiyoyozi kidogo, basi, bili inakuwa kama ya taa ya varanda. Sisi tulijua shita ya Riyadh ilivyo, upepo wa Januari unavyopenya madirisha ya nyumba kuukuu ukakukuta chini ya blanketi mbili. Tukatazamana. Jackton peke yake ndiye aliyefungua kinywa.

"Mzee, lakini hapa kwetu..."

Nikamkanyaga kidole cha mguu.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Nasema asante, mzee," akajibu Jackton.

Mkataba ukaandikwa kwenye mtandao kama sheria inavyotaka, kwa jina la Jackton, na mita ikawekwa kwenye ikama yake, kile kibali cha kuishi. Maneno ya shita hayakuandikwa popote. Mzee amekuita mwanangu, utamwambiaje aweke sahihi?

Desemba ilipoingia tukanunua hita tano, kila mtu yake. Nitasema ukweli wote, maana nilishachelewa kuusema. Hita zile hazikupumzika. Dominic alikuwa anapashia chapati juu ya yake. Nehemiah alilala na yake miguuni, na asubuhi akaenda kazini akiiacha ikiwaka. Danson alisema akizima anapata kikohozi. Mimi nilikuwa natoka kazini saa nane mchana, na nilipenda kukuta chumba kimeshapata moto, kwa hiyo naiacha ikiwaka tangu alfajiri, nimeianikia jinzi zangu. Jackton akitoka anapita akizima moja moja. Akifika ngazini, aliyebaki ndani anawasha tena. Akituuliza, tunamjibu kwa wimbo mmoja: "Kiranja, shita ni ya mzee."

Bili ya Desemba ikaja kwenye simu yake, akaituma Jeddah. Mzee akapiga papo hapo.

"Jackton, mwanangu, mnaoka mikate humo ndani?"

"Ni baridi, mzee."

"Baridi gani? Mie hapa nimekaa na fulana, kiyoyozi kinanguruma. Hebu tazameni vizuri, pengine mita mbovu."

Mita haikuwa mbovu. Januari ikaja bili kubwa kuliko ya kwanza, Februari ikafuata, na mzee akawa anasema anangoja apate maelezo. Deni likafika riyali elfu tatu na mia sita, lote kwenye ikama ya Jackton. Alipopeleka ombi lake la kuondoka, mandubu wa kampuni, yule mtu wa makaratasi, alitazama kompyuta yake akasukuma fomu nyuma. Jina lina deni la stima, akasema. Lisafishwe kwanza. Na ikama inaisha tarehe kumi mwezi wa tatu, na ikipita siku hiyo kampuni itaifanya upya, na ikishaifanya upya ni mwaka mwingine kazini. Jackton alitoka mle ofisini ameshika fomu yake mikono miwili.

Jioni akampigia Beldina kumweleza. Simu ilikuwa wazi, tukasikia sote.

"Deni la nini?"

"La stima. Tuliwasha hita, kulikuwa na baridi."

"Baba Ivy, Saudia ni jangwa. Hata mtoto wa darasa la nne anajua. Kama kuna mwanamke huko, niambie tu nijue, usiniletee hadithi ya baridi."

Danson akacheka akijiziba uso kwa mto. Mimi pia nilicheka. Jackton hakuwa na mtu wa kumwamini, si Jeddah, si Nyakach, na sisi tuliojua ukweli tulikuwa tunacheka.

Mwisho wa Februari nilipewa mzigo wa kupeleka Jeddah, nikamchukua. Njia nzima alifanya mazoezi ya atakayosema. Alikuwa hajamwambia mtu shikamoo tangu amalize shule, kwa hiyo alianzia hapo. Tulipoondoka Riyadh tulikuwa na makoti, na tuliposhuka Balad tukayabeba mikononi, watu wanakula aiskrimu barabarani. Nikamtazama Jackton, naye akanitazama. Utamwelezaje mtu wa huku habari ya baridi?

Mzee Haroub alitupokea dukani kwa mikono miwili. Jackton akatoa shikamoo yake, mzee akaitika marahaba hadi macho yakamlegea, akafunga duka saa ya biashara kwa ajili yetu, akatupeleka nyumbani. Jackton akaanza, "Mzee, tumekuja kwa ile..."

"Kwanza kuleni. Mtu hasemi shida na njaa."

Bi Wahida, mkewe, akaleta wali wa nazi, mchuzi wa papa, kachumbari, kisha halua na kahawa. Akawa anatuongezea bila kutuuliza, na anamwita Jackton baba. Nilishaona wenye nyumba wengi, wa kufoka na wa kufunga mlango. Wa kukulisha sikuwahi kumwona, na nakwambia huyo ndiye mgumu. Kila kijiko Jackton alichokula kilikuwa kinashuka na neno moja la mazoezi yake.

Tulipokwisha kunawa, mzee akavaa miwani, akaichukua simu ya Jackton, akatazama bili zote tatu. "Mie nasema baridi haiwezi kula umeme huu."

"Wewe Haroub," akasema Bi Wahida, "Riyadh kuna baridi, usiifanyie mchezo. Nilipokwenda harusi ya Safa wa dada yangu, nililala na mabuibui mawili na zulia juu. Ulikuwa wapi nilipokuhadithia?"

Hatimaye shahidi. Mzee akakuna ndevu, akakubali. "Haya. Baridi ipo. Lakini mie mfanyabiashara, hesabu naisoma. Baridi ni ya usiku. Hii ni ya mtu anayewasha usiku na mchana." Akavua miwani, akamgeukia Jackton. "Ahadi niliitoa kwa mdomo wangu na siikatai. Nitakuuliza neno moja, na jibu lako ndilo nitakalolifuata. Mlitumia kwa haja, au mlitumia kwa fujo?"

Neno moja tu lilitakiwa. Kwa haja, mzee. Elfu tatu na mia sita zifutike, tarehe kumi ndege ipae. Nilimkodolea Jackton macho, nikamwomba kwa uso mzima. Na nilikuwa na njia nyingine pia, niliijua hata palepale: kufungua kinywa changu mimi na kusema, mzee, huyu alikuwa anazima, fujo ni yetu. Nikanywa kahawa.

Jackton alitazama sinia, vipande vya papa na wali uliobaki.

"Kwa fujo, mzee," akasema. "Tuliwasha hata nyumba ikiwa tupu."

Hakusema waliwasha. Alisema tuliwasha.

Mzee akamshika bega. "Msema kweli mpenzi wa Mungu. Basi ya haja nitalipa mie, nusu. Ya fujo mlipe wenye fujo." Akalipa nusu yake pale pale kwenye simu, akatufungia na udi kwenye karatasi. Huwezi hata kumlaumu mtu wa namna hiyo, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, lakini si mpenzi wa mandubu. Nilimfokea toka Jeddah hadi Taif. "Ungesema haja tu. Nani angejua?"

"Nimekula chakula chake, Reuben."

"Si nami nimekula?"

"Ndiyo. Nawe umekula," akasema, akageukia dirishani.

Ilibaki elfu moja na mia nane. Tukigawana watano, mia tatu na sitini kila mmoja. Jackton alitoa yake siku hiyo hiyo, ndiyo iliyokuwa imebaki baada ya mabati. Halafu akatungoja. Hakudai kwa ukali, alisema tu, "Kidole kimoja hakivunji chawa, jamani." Danson akasema mwisho wa wiki. Dominic akahamishiwa Dammam, akasema atatuma akifika. Nehemiah akasema yeye hakukubali neno fujo. Mimi nilisema kesho, nikasema tena kesho. Pesa nilikuwa nazo. Nilinunua simu.

Tarehe kumi ikapita siku ya Jumanne. Mandubu alimpa ikama mpya bila neno, na mshahara ulipoingia Jackton akalipa deni lote lililobaki, peke yake, akatuma risiti Jeddah ili mzee asije akadhani tumemkimbia. Masika yakanyesha Nyakach. Hezekiah akatuma picha ya matofali yake, safu ya juu imeyeyuka, imekuwa udongo tena. Hakuandika kitu chini ya picha.

Sasa ni Januari nyingine. Nehemiah naye amehama, tumebaki watatu na chumba kimoja tumekifunga. Jackton amekaa na koti kitandani tangu Desemba, hita yake iko juu ya kabati imefunikwa gazeti, na haijachomekwa ukutani hata mara moja. Hajatukataza kuwasha zetu. Afadhali angetukataza.

Jana, saa ya chai, simu yangu ililia. Ni Beldina. Jackton alikuwa bafuni.

"Shem Reuben, nisamehe kukusumbua. Nataka kukuuliza wewe, maana yeye nimeshindwa kumwamini. Hayo maneno ya baridi ni kweli? Ama kuna nyumba ingine huko?"

Nikaona heri niseme kweli, mara moja tu maishani. "Ni kweli, shemeji. Hakuna mwanamke. Kuna baridi hadi maji ya ndoo yanauma. Na hakuwasha yeye. Tuliwasha sisi, yeye alikuwa anazima. Hata mimi nilikuwa naanikia jinzi."

Nikasikia kuku tu wa boma la mama mkwe wake. Nikadhani analia kwa furaha, nikajisikia mtu mwema.

"Kwa hivyo deni lilikuwa lenu," akasema pole pole.

"Ndiyo, shemeji."

"Na wewe ulilipa ngapi?"

Mlango wa bafu ukafunguka. Jackton akatoka akijifuta uso, akanyoosha mkono nyuma akazima taa, akaniona na simu sikioni.

"Shemeji," nikasema, "mtandao unasumbua. Sikusikii." Nikakata.