Shikamoo Niliyoiacha Getini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila mvua ikipiga bati inanirudia, na sasa hata wajukuu ninao. Nimeikumbuka tena jana nilipoambiwa umepewa ukubwa kazini, watu kumi na wawili chini yako. Hongera. Sasa kaa kitako nikusimulie jinsi mimi nilivyouvaa ukubwa wangu vibaya.

Mbulu ilikuwa bado mkoa wa Arusha. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na wanunuzi binafsi walikuwa wanapanda huku milimani kufuata maharage ambayo zamani tuliuzia ushirika tu. Mmoja wao akafungua ghala Maretadu, na kwa kuwa nilikuwa na cheti cha chuo, akanifanya msimamizi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Chini yangu walikuwa akina mama ishirini wa kuchambua maharage, na karibu wote wangeweza kunizaa. Mmoja wao, Mama Lohay, alikuwa rika la mama yangu, tena ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipougua.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nilijiuliza, nitampigia mtu shikamoo saa moja asubuhi, halafu saa nne nimkaripie? Nikaona dawa ni kuiacha shikamoo getini. Nikawa naingia ghalani kimya, macho mbele, filimbi shingoni. Unacheka, lakini unajua kwetu: mtoto asiyesalimia wakubwa, watu huuliza kama kwao kuna wazazi.

Kisha zikaja sheria. Akina mama walizoea kuimba wakichambua, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na mikono inakwenda kwa mwendo mmoja. Nikapiga marufuku, nikasema ni kelele. Siku nyingine Mama Lohay alisogeza gunia lililoziba njia, nikamfokea mbele ya wenzake: "Mchambuaji kazi yake ni kuchambua! Mzigo haushikwi na mtu bila amri yangu." Alirudi kwenye ungo wake, na tangu siku ile ghala likatulia kabisa. Mimi nikajisifu moyoni kwamba sasa wananiheshimu. Ujana nao!

Basi Jumanne moja nilikwenda Mbulu mjini kumpigia tajiri simu posta. Lori lake lilikuwa lije Ijumaa, naye alikuwa ameshanionya kwamba mzigo ukiwa mbaya atafunga ghala na kuhamia Hanang. Ghala likifungwa, mimi ningerudi kwa baba na cheti changu, na akina mama ishirini wangerudi nyumbani bila kazi. Uani nilikuwa nimeacha maharage ya magunia kumi na moja yameanikwa kwenye maturubai, jua linawaka. Nikiwa njiani kurudi wingu likashuka, unalijua la huku kwetu lilivyo na haraka, na mvua ikamwagika.

Nilipofika, maharage yalikuwa yamezama kwenye maji. Akina mama walikuwa wameketi ndani, mlango wazi, ungo magotini, wanachambua.

"Hamkuiona mvua?" nikapiga kelele.

"Tuliiona," akasema Mama Lohay. "Ulisema mzigo hatuushiki bila amri yako. Amri yako ilikuwa Mbulu."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nililia mbele yao, mwanangu, na filimbi yangu shingoni. Nikainama mbele ya yule mama nikasema, "Shikamoo, mama."

"Shikamoo hiyo imeletwa na mvua," akasema Mama Lohay. "Niletee ya siku ya jua, nitaipokea." Halafu akanitandikia gunia tupu nikae. "Baba yako akiita majirani kulima, yeye anashika upande gani wa shamba?"

"Ule wenye mawe."

"Na chakula kikija?"

"Anakula wa mwisho."

"Basi hilo la ukubwa hukwenda kulisomea. Umelikuta nyumbani." Akasimama, akachungulia nje. "Mvua hii ni ya siku tatu. Maharage yakibaki hapa yataota. Tugawie, twende nayo nyumbani, tukayakaushe darini juu ya moto."

Sasa sikiliza aibu yangu. Sheria yangu kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba hata punje moja haitoki getini, na kila jioni nilikuwa nawapekua. Naam, wazee wale, nilikuwa nawafungua kanga zao! Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Nililifungua geti mwenyewe, nikajitwisha debe nikafuatana nao kwenye tope.

Siku mbili nilipita nyumba kwa nyumba, napanda ngazi za dari, nageuza maharage kwenye moshi mpaka macho yakawa mekundu. Huko ndiko nilikojua kwamba yule mama niliyemwandikia onyo kwa kuchelewa alikuwa anatoka nyuma ya kilima cha pili, ameshakamua ng'ombe na kumlisha mume wake asiyeweza kunyanyuka kitandani. Miezi minne nilimwona kila siku, na sikuwahi kumuuliza habari za nyumbani.

Alhamisi maharage yalirudi yote. Mengine yalinukia moshi kidogo, na gunia moja lilikuwa limeshaota. Tajiri alipofika Ijumaa akaliona, akauliza kwa ukali ni mama gani mzembe, amfukuze hapo hapo. Akina mama walikuwa wanasikia.

"Ni mimi," nikasema. "Niliwakataza wasiguse mzigo. Wao ndio waliookoa haya mengine."

Alinikaripia mbele yao mpaka masikio yakapata moto. Lakini alipakia mzigo, na ghala halikufungwa.

Jumatatu jua lilitoka. Nilisimama getini kabla ya mtu yeyote kufika, filimbi nimeiacha nyumbani, nikawapigia shikamoo mmoja mmoja. Mama Lohay alitazama kwanza angani, kama mtu anayehakikisha. "Marahaba, mwanangu," akasema. Akaingia ndani, na kabla sijafunga geti nilisikia ameanzisha wimbo.

Wahenga walisema ukubwa ni jalala, kwa hiyo lawama ikija ipokee wewe, usiwatupie walio chini yako. Sikukatazi kuweka sheria, kazi bila utaratibu ni vurugu. Ila ujue kwamba unaweza kumwamuru mtu achambue maharage, lakini huwezi kumwamuru aione mvua kama ni yake. Hilo atakupa mwenyewe, akijua unamwona. Kwa hiyo uwe wa kwanza kusalimia, uliza habari za nyumbani na usubiri jibu, shika upande wenye mawe. Mtu akikosea, mwite pembeni.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi wa kusaidia na sikio zito kwa majungu, na wale watu kumi na wawili wakuombee mema usipokuwepo. Na siku utakapozeeka kama mimi, awepo kijana wa kukupigia shikamoo siku ya jua.