Afande wa farasi alinipa kifurushi hapa Stockholm, mwanaye akaniita mwizi wa medali

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Shule niliishia darasa la saba, mkikuta nimechapia msinicheke. Lakini haya yamenipata mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza, na walionifanyia nawataja kwa majina.

Mimi ni mama wa makamo, mtu wa Tanga, naishi Vårby gård, pembeni mwa Stockholm. Kazi yangu hemtjänst, yaani kuzungukia wazee majumbani, kuwaogesha na kuwapashia chakula. Kibali changu cha kuishi kinategemea kazi hiyo. Wekeni hilo kichwani.

Kati ya wazee wangu alikuwepo Kapteni, afisa mstaafu wa jeshi la farasi. Ukutani ana kisanduku cha kioo chenye medali zake: za mashindano ya farasi, za utumishi, na moja ya Kongo, alikopelekwa na Umoja wa Mataifa akiwa kijana.

Huko ndiko alikookota Kiswahili chake. Akiniona tu: "Mama, jambo sana! Mayi kidogo!" Naenda kumletea maji huku nacheka.

Farasi walishaondolewa jeshini kitambo, yakaja magari, ila yeye moyoni hakushuka. Kila kitu anakifunga kwa fundo la farasi, mfuko wa mkate, mkanda wa joho la kuogea, kila kitu. Linakaza kweli, lakini ukivuta mkia mmoja linaachia lote.

"Farasi akishtuka lazima umwachie mara moja," aliniambia, "la sivyo atajivunja shingo."

Alijaribu kunifundisha. Vidole vyangu vikakataa.

Asubuhi akili yake wembe. Mchana imeshaondoka, hata mimi hanijui.

Sasa asubuhi moja akanipa kifurushi cha karatasi ya kahawia, kimefungwa kamba.

"Ya mama wa Kongo," akasema. "Nilijificha jikoni kwake, wananitafuta kwa bunduki. Alinipa mayi. Sikurudi kumshukuru."

Mzee analia.

Kazini zawadi ni marufuku, najua. Lakini wakuu, mtu mzima analia, kakunyooshea mikono miwili, utamwambia nini? Nikapokea. Na kwetu zawadi huifungui mbele ya aliyekupa, utaonekana mlafi. Nikajua ni chokoleti, nikaitia kabatini hadi Jumapili nikitulia.

Jumapili haijafika, simu. Bosi.

"Kesho njoo ofisini. Medali ya Kongo haipo. Henrik anasema umechukua wewe."

Henrik ni mtoto wa Kapteni. Mtu wa kuja kukagua nyumba kuliko kumsalimia baba.

Nikakitoa kifurushi, nikakibonyeza. Kitu cha duara. Kigumu. Nikakaa sakafuni.

Nikisema ninacho, mwizi. Nikisema sina, mwizi na mwongo. Kila gari lililopunguza mwendo chini ya dirisha nikajua polisi hao. Binti yangu ananiuliza, "Vad är det, mamma?" yaani kuna nini, mama. Namjibu kichwa kinauma.

Nikamwita Salma. Mtanzania mwenzangu, tunafanya kazi pamoja, mtoto wake nimemlea mimi.

"Dada, fungua tuone."

"Sifungui. Alama za vidole vyangu zitabaki humo."

"Basi katupe ziwani. Ushahidi ukizama, na kesi imezama. Acha ushamba."

Nilifika hadi ukingoni mwa maji, wakuu. Mkono umeshainuka. Nikawaza, huyu mama wa Kongo mara ya kwanza hakushukuriwa, mara ya pili nimtupe majini? Nikarudi nacho nyumbani.

Ofisini nikamkuta bosi, Henrik, na polisi. Hata sijakaa, bosi akasema, "Salma ametuambia unacho, na ulitaka kukitupa."

Salma! Kinywa kilekile!

Nikakiweka mezani kama kilivyo. "Amenipa mwenyewe. Sijafungua. Muulizeni asubuhi."

Henrik akacheka. "Baba hata jina lake linampotea." Akanyoosha mkono achane karatasi.

Mkono ukasimama hewani.

Polisi akamuuliza, "Vipi?"

"Hili fundo," akasema polepole. "Ni la baba. Nilipokuwa mdogo alinifungia viatu namna hii."

Akavuta mkia. Kamba ikaachia yote. Medali hiyo.

Ningemsikiliza Salma, nikafungua au nikatupa, leo niko Tanga naitwa mwizi aliyefukuzwa Ulaya.

Mnadhani Henrik aliomba radhi? Thubutu! Aliitia mfukoni, akasema baba yake hajui alitendalo, akaondoka. Mimi nikapewa onyo kwa kupokea zawadi, nikahamishiwa Vällingby, upande mwingine wa jiji. Kumuaga Kapteni sikuruhusiwa. Sijui nani anamwelewa sasa akiomba mayi.

Salma tukikutana kwenye shughuli bado ananiita dada. Na kengele ya mlango ikilia, mpaka leo moyo unaruka.

Funzo: ughaibuni ukipewa kitu kifungue palepale, mbele ya watu, acha wakuone mlafi. Ingawa kilichoniokoa mimi ni kutokufungua, kwa hiyo hata funzo lenyewe sijalielewa vizuri. Mlioko nje nisaidieni: ninyi mngepokea?

Ile kamba ilibaki mezani. Nikauliza mbele ya bosi na polisi, kwa sauti, "Hii naruhusiwa kuchukua?" Polisi akaitikia kwa kichwa.

Naifungia mfuko wa mkate. Fundo lake bado linanishinda.