Zumari ya Ng'ombe kwenye Karafuu

Ijumaa baada ya sala nilikuwa dukani Wawi, nangoja kupimiwa sukari, redio ya muuza duka ilipoanza kipindi cha karafuu za Pemba. Mtangazaji akasema kwa sauti tamu, "Akina mama wamekaa mkekani wanachambua karafuu," na nyuma ya maneno yake ikalia zumari ya mchezo wa ng'ombe, ile ile ya kumtia dume hasira.

Mzee aliyesimama mlangoni alipandisha kanzu hadi magotini, akaangalia njia. "Ng'ombe kafunguliwa wapi?"

Bi mmoja aliyefuata mafuta ya taa akatua chupa yake kwa kishindo. "Hakuna ng'ombe! Hao wasemwao ndo sie. Mtu wa redio kaja na mashine yake, katukuta twachambua, twaimba. Katwambia, 'Nyamazeni, mama zangu, mnaniharibia sauti.' Tukanyamaa."

Sasa, mabwana wa redio, wimbo wa kina mama ulikuwa na kosa gani? Kwenu chochote kiliacho Pemba ni sawa, mradi kilie. Wenye karafuu mmewanyamazisha, nafasi mkampa ng'ombe, ambaye maisha yake hajachambua karafuu hata moja.